Kuonyesha filamu bubu ya Kijerumani Kigoma

Anzeni na Nosferatu, filamu ya mnyonya damu ya F. W. Murnau (1922). Metropolis ya Fritz Lang ina sifa zaidi, lakini nakala iliyokarabatiwa mwaka 2010 ni ya karibu saa mbili na nusu, na benchi la Mwanga au Ujiji halina huruma.

Kazi kubwa ni kuchagua nakala. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru filamu hii iteketezwe, kwa kuwa mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, alishtaki kwamba hadithi hiyo imechukuliwa bila ruhusa. Nakala zilizosalimika zilikuwa zimeshatoka nje ya nchi, ndiyo maana mtandaoni kuna matoleo ya kila namna. Tafuteni lenye rangi: buluu ya usiku, manjano ya ndani ya nyumba. Enzi hizo usiku ulipigwa picha mchana, kisha mkanda ukachovywa rangi. Kwenye nakala ya kijivu, mnyonya damu anayeuawa na jua anabeba jeneza lake mchana kweupe, na watu watacheka pasipostahili.

Tazameni na urefu: dakika 90 na ushee. Ya dakika 60 hivi ama imekatwa, ama imeendeshwa kasi; picha zilizopigwa takriban 18 kwa sekunde zikipitishwa 24, waigizaji wanadonoadonoa kama kuku.

Shoneni shuka mbili nyeupe zitoe upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.8. Projekta iwe kwenye 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Ikibaki 16:9, Max Schreck, anayeigiza mnyonya damu na ambaye wembamba wake ndio unaotisha, ananenepa. Jua la Kigoma huzama Kongo karibu saa moja jioni, kwa hiyo msianze kabla ya saa moja na nusu.

Maandishi ya Kijerumani yanayotokea kati ya picha yanahitaji msomaji. Fundi wa kutafsiri kwenye vibanda umiza anafaa, ila amezoea kusema mfululizo. Aandike tafsiri zote mapema, kila moja na dakika yake, asome maandishi yakiwa shukani, kisha anyamaze. Ngoma moja nzito yatosha. Nahodha anapojifunga kwenye usukani, mpigaji aache kabisa. Watu wa bandarini wanaijua meli isiyo na mtu.

Jenereta ikae nyuma ya ukuta, mita 30 hivi, kwa kebo nene. Nyembamba inapoteza umeme njiani, na projekta inajizima katikati ya onyesho.