Jinsi ya kulinganisha miji iliyo kando ya Nairobi kabla ya kuhama

Mtu anayefanya kazi jijini Nairobi kwa mshahara wa wastani huanza kutafuta nyumba kwa kuuliza kodi ni pesa ngapi. Swali hilo si baya, ila huulizwa mapema mno, kwa sababu kodi ndiyo gharama pekee inayoandikwa kwenye bango la langoni, ilhali nauli, maji na saa zinazopotelea barabarani hujitokeza baada ya vyombo kushushwa na gari la kuhamia kuondoka. Mwongozo huu unahusu namna ya kulinganisha Kitengela, Rongai, Ruiru, Thika na miji mingine ya aina hiyo kwa gharama yake nzima.

Anza na pesa zinazokufikia mkononi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 60,000 hukatwa asilimia 6 ya NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya mradi wa nyumba za bei nafuu, kisha ushuru wa PAYE hufuata, naye hubaki na takriban shilingi 45,300. Wengi hupanga maisha kwa ile 60,000 iliyo kwenye barua ya kazi, na kwa hivyo hesabu yao huwa imeharibika kabla hawajaonyeshwa hata chumba kimoja.

Hatua ya pili ni kuacha kufikiria miji na kufikiria njia. Jiji limepakana na kaunti tatu: Kiambu upande wa kaskazini na magharibi, Machakos mashariki, na Kajiado kusini. Barabara kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012, hupeleka watu Ruiru, Juja na Thika. Barabara ya Mombasa huhudumia Syokimau, Mlolongo na Athi River, na hapo ndipo barabara ya Namanga huchepuka kwenda Kitengela. Magadi Road ndiyo njia ya Rongai, kwa matatu za 125 na 126. Ngong ina 111. Kikuyu na Limuru ziko upande wa barabara ya Nakuru. Weka kidole mahali unapofanyia kazi, kisha utazame njia inayofika hapo bila kukulazimu kuvuka katikati ya jiji. Mwenye kazi Industrial Area ana sababu ya kutazama Syokimau au Athi River. Mwenye kazi Westlands atafikiria Kikuyu kwanza. Anayeishi Kitengela na kufanya kazi Westlands hulipa nauli mara mbili kila upande, na ile nauli ya pili ndiyo watu husahau kuijumlisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme nyumba ya kwanza ina kodi ya shilingi 15,000, lakini iko mbali na steji, kwa hivyo unalipa bodaboda 50 na matatu 120. Hizo ni 170 kwenda na 170 kurudi, yaani 340 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi zinafika 8,840. Nyumba ya pili ina kodi ya 19,000, unatembea hadi steji, na matatu ni 80. Kwa mwezi nauli inakuwa 4,160. Ukijumlisha, ya kwanza inakugharimu 23,840 na ya pili 23,160. Nyumba iliyoonekana rahisi kwa shilingi 4,000 imekuwa ghali kwa shilingi 680, na kama mume na mke wote husafiri kwenda kazini, tofauti hiyo hupanda hadi 5,360. Rudia hesabu hii kwa nauli unazozikuta wewe mwenyewe.

Nauli, bila shaka, si moja. Makanga hutaja bei moja saa nne asubuhi, nyingine saa kumi na mbili jioni, na nyingine kabisa mvua inapoanza kunyesha watu wakiwa wamejaa steji. Uliza nauli ya alfajiri ukiwa mjini huko na nauli ya jioni ukiwa jijini, kisha utumie ile ya juu. Wanaotazama Syokimau, Ruiru au Kikuyu waulizie pia gari moshi la abiria, ambalo nauli yake ni nafuu; tatizo lake ni kwamba safari ni chache na zimepangwa kufuata asubuhi na jioni, hivyo anayecheleweshwa ofisini hulikosa. Ile barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, hupunguza muda kweli, lakini mwenye gari lake lazima aweke malipo yake katika bajeti kila siku anayoipitia, si zile siku za haraka tu.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mimi mwenyewe nilipojikwaa. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga nyumba karibu na barabara ya Namanga, kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuimudu, na nilipouliza kuhusu maji, keateka, yaani mtunzaji wa jengo, alinijibu, “Maji hapa si shida, mkubwa.” Hakusema uongo. Mfereji ulitoa maji usiku na mchana, lakini yalikuwa maji ya kisima yenye chumvi, na baada ya wiki mbili ndani ya birika kulikuwa na utando mweupe uliokauka kama chokaa. Sabuni haikutoa povu, na chai ilikuwa na ladha ambayo majani mengi hayakuweza kuifunika. Nikaanza kununua mitungi ya lita 20 ya kunywa na kupikia, minne kwa wiki, na jirani yangu, mama aliyeishi hapo tangu jengo lilipofunguliwa, akanicheka kwa upole: “Kijana, hukuuliza ni maji gani?”

Basi uliza ni maji gani. Sehemu nyingi za Kajiado, na baadhi ya sehemu za Machakos na Nairobi yenyewe, hutegemea visima virefu ambavyo maji yake yanaweza kuwa na floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yanapoumbika huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huwa kali zaidi. Unapoonyeshwa nyumba, omba kunawa mikono kwa sabuni, mwombe mpangaji mmoja akuonyeshe birika lake, na uwatazame meno watoto waliozaliwa hapo. Uliza pia bei ya maji kwa kila yuniti, tangi la jengo ni la lita ngapi, na pampu ikiharibika ni nani anayelipia bauza (lori la maji), mwenye nyumba au wapangaji. Thika hupata maji yake kutoka Mto Chania, na miji ya Kiambu kwa jumla ina nafuu katika jambo hili, ingawa mgao upo, na anayeishi ghorofa ya tano huusikia kabla ya wengine.

Stima uichunguze kwa swali moja tu: je, tokeni unanunua kwa mita yako, au kuna mita ndogo ambayo mwenye nyumba huuza yuniti kwa bei yake?

Udongo nao una gharama. Kitengela, Athi River na Syokimau zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa huvuta kiatu mguuni, na kilomita ya mwisho kutoka lami hadi langoni inaweza kukugharimu bodaboda kila siku kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ukiona viatu vya mpira vimepangwa kwenye kila mlango, umeshajibiwa. Limuru haina tatizo hilo kwa kiasi hicho, lakini iko juu ya mita 2,200, na mwezi wa Julai nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Aliyezoea joto la Thika, iliyo karibu na mita 1,500, ataona tofauti kwenye gharama ya makaa na blanketi.

Maajenti hupenda kuonyesha nyumba Jumamosi saa sita mchana, wakati jua limewaka, barabara iko wazi na maji yapo. Ziara hiyo ikubali, lakini usiamue kwayo. Omba kulala kwa rafiki au ndugu aliye mji huo usiku wa kuamkia siku ya kazi, uamke saa kumi na moja, utembee hadi steji gizani kama utakavyotembea kila siku, upande matatu na uandike saa uliyofika kazini. Rongai, kwa mfano, iko karibu kwa kilomita, na mtu anayesoma ramani huiona kama jibu la kila kitu. Anayeijua Magadi Road asubuhi ya Jumatatu huhesabu umbali kwa saa.

Kwa maoni yangu, mwenye zile 45,300 ambaye kazi yake iko katikati ya jiji au upande wa Thika Road aanze na Ruiru. Thika nampendekezea anayeweza kupata kazi huko huko, kwa maana ni mji unaojitosheleza, wenye viwanda, masoko na hospitali ya Level 5, au yule anayehitajika ofisini siku mbili tatu kwa wiki. Kitengela inamfaa mwenye kazi upande wa barabara ya Mombasa, anayetaka nafasi ya watoto na aliyekwisha kuweka maji ya kunywa kwenye bajeti.

Ukishachagua, soma mkataba kabla ya kutuma amana. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba huwahusu wapangaji ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho nyumba unazozitazama zimekipita zamani, kwa hivyo kinga yako kubwa ni yale yaliyoandikwa: kodi inaweza kupandishwa baada ya muda gani, notisi ya kuhama ni ya siku ngapi, na ni uharibifu upi unaoweza kukatwa kwenye amana. Piga picha kuta, sinki, vioo na mita ya maji siku ya kuingia, mtumie keateka picha hizo siku hiyo hiyo, na risiti ya amana uihifadhi hadi siku utakaporudisha funguo.