Somo: Namna wapiga kura wa Ohio walivyoiweka haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo

Ndugu wanachama, tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba uliokuwapo nchini kote tangu 1973, na siku hiyo hiyo Ohio ikaanza kutumia sheria ya 2019 inayokataza kutoa mimba baada ya takriban wiki sita, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Bunge lililotunga sheria hiyo halikutarajiwa kuifuta. Ilibaki katiba ya jimbo, ambayo tangu 1912 wananchi wanaweza kuirekebisha wenyewe.

Hatua ya kwanza ni fupi. Saini 1,000 hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo pamoja na andiko la marekebisho na muhtasari wake, naye ana siku 10 za kuamua kama muhtasari huo ni wa kweli.

Hatua ya pili ndiyo nzito. Zinatakiwa saini zinazofikia asilimia 10 ya kura za uchaguzi wa gavana uliotangulia, ambazo mwaka 2023 zilikuwa 413,487, na zitoke katika kaunti zisizopungua 44 kati ya 88, kila moja ikifikisha asilimia 5 ya kura zake. Kila fomu ni ya kaunti moja tu, hivyo mkusanyaji makini hutembea na fomu za kaunti kadhaa. Ziliwasilishwa saini zipatazo 710,000, lakini zilizokubaliwa ni 495,938. Anayekusanya idadi inayotakiwa bila akiba amekwisha kushindwa.

Hatua ya tatu ni kulinda kanuni zenyewe, na kwangu hapa ndipo ushindi ulipopatikana. Wabunge waliitisha kura ya tarehe 8 Agosti 2023 ili marekebisho yoyote yahitaji asilimia 60 badala ya zaidi ya nusu. Wananchi walikataa kwa takriban asilimia 57. Novemba 7 haki ya kutoa mimba ikapita kwa asilimia 56.8, kiwango ambacho kisingetosha kama Agosti ingepotea.

Msisahau maneno ya karatasi ya kura. Bodi ya Kura, chombo cha jimbo kinachoandika maneno hayo, iliandika “mtoto ambaye hajazaliwa” mahali pa “kijusi”, kwa hiyo wahamasishaji walilazimika kuwaeleza watu andiko lenyewe nyumba kwa nyumba.

Maswali ya wanachama

Je, mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kusaini?
Hapana, dada yangu. Saini ni ya raia aliyejiandikisha kupiga kura, na anwani yake ilingane na ile ya daftari.

Kwa nini Florida ilishindwa mwaka 2024 ilhali ilipata asilimia 57?
Kwa sababu katiba yake inadai asilimia 60, kile kile ambacho Ohio ilikikataa.

Marekebisho yakipita, sheria ya zamani hufutika papo hapo?
Hapana, kaka. Marekebisho yalianza kutumika Desemba 2023, lakini katazo la wiki sita lilibatilishwa na jaji wa Kaunti ya Hamilton Oktoba 2024, hivyo tengeni fedha za mawakili mapema.

Yanaweza kuondolewa tena?
Ndiyo, kwa kura nyingine. Missouri ilipitisha marekebisho yake ya haki ya kutoa mimba Novemba 2024, na kufikia Mei 2025 bunge lake lilikuwa limeidhinisha pendekezo la kuyafuta lipelekwe kwa wapiga kura. Orodha za wahamasishaji wenu zitunzeni.