Mpeleke mtoto akapimwe kabla ya msongamano wa kufungua shule

Mzazi anayengoja wiki ya kufungua shule ndipo atafute daktari wa kujaza fomu ya afya huishia kupigiwa mhuri tu, kwa kuwa foleni ni ndefu na daktari hana nafasi ya kumchunguza mtoto ipasavyo. Nenda majuma matatu mapema, ukiwa na kile kijitabu cha kliniki, hata kama jalada lake limechanika, maana ndicho kinachoonyesha kama chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, ilitolewa. Kwa msichana aliyefikisha miaka 10, uliza pia kuhusu chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi.

Kwetu Kisumu, nakusihi utaje mambo mawili bila kusubiri kuulizwa. La kwanza ni seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea sana huku magharibi: mtoto aliye nao akikimbia juani bila kunywa maji anaweza kushikwa na maumivu makali ya mifupa na kifua, kwa hiyo mwalimu wa michezo anapaswa kujua mapema. La pili ni kichocho, hasa kwa mtoto anayeogelea au kuchota maji ziwani. Akiumwa tumbo au akienda choo kikubwa chenye damu, choo hicho kipimwe, kwani dawa yake ipo.

Kama mtoto aliwahi kuzimia akikimbia, au jamaa wa karibu alifariki ghafla angali kijana, mweleze daktari waziwazi kabla hajaweka sahihi.