SOMO: Ramani inageuka yenyewe kila ukibadili UCS kwenye AutoCAD

Wakuu, wiki hii nimejibu swali hili mara nne, mara mbili kwa simu usiku. Naliandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Tatizo liko hivi. Mpimaji amekupa faili la kiwanja, kiwanja kimekaa mshazari. Unaiweka UCS, yaani mihimili ya X na Y unayochorea, ifuate ukingo wa kiwanja ili kuta zichoreke zimenyooka. Ghafla skrini nzima inazunguka, mshale wa kaskazini unalala, na ulipokuwa umekuza panapotea. AutoCAD, programu tunayochorea, haijaharibika. Kuna swichi moja imewashwa, inaitwa UCSFOLLOW.

1. Hifadhi nakala ya faili kwanza.

2. Andika UCSFOLLOW, Enter. Ukikuta 1, andika 0, Enter.

3. Kama skrini umeigawa madirisha mawili au manne, bofya ndani ya kila dirisha urudie hatua ya 2. Kila dirisha lina swichi yake.

4. Kuzima swichi hakurudishi mwonekano. Andika PLAN (amri ya kutazama kutoka juu), Enter, kisha W (World, yaani mihimili ya asili ya faili), Enter. Kaskazini itarudi juu na mchoro utajaa skrini.

Hapa nisikilizeni vizuri. USITUMIE ROTATE, amri ya kuzungusha vitu vyenyewe, kunyoosha mchoro. Mimi niliitumia, kwenye kiwanja cha Raskazone. Niliona mshale wa kaskazini umelala, nikaamini mchoro umezunguka, nikachagua kila kitu nikauzungusha kwa macho nikiwa nimeshikia bikoni (alama ya mpaka ya mpimaji) ya kona. Baadaye nikabadili UCS, ukaonekana umelala tena, nikauzungusha kurudi, kwa macho vilevile. Ilibaki tofauti ya kama nusu digrii. Kwenye skrini huioni. Lakini nusu digrii kwenye upande wa mita 40 ni sentimita 35. Na ile bikoni niliyoshikia haikusogea, kwa hiyo nilipoikagua ilisoma sawasawa, nikaridhika. Koordineti za kona za nyumba zikaenda saiti, mtaro ukachimbwa. Fundi alipovuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni ndipo tukaona mtaro unakatiza kwenda kwa jirani. Mtaro wa upande mzima ulifukiwa, ukachimbwa upya, na mwenye nyumba amesimama pale anatutazama.

Kwa hiyo kinachogeuzwa na UCSFOLLOW ni mwonekano, mchoro wenyewe hauguswi. Kama tayari umeshauzungusha, usihangaike kuurudisha. Chukua upya faili la mpimaji.

5. Kagua bikoni. Andika UCS, Enter, W, Enter. Kisha ID (amri ya kusoma koordineti), Enter, bofya bikoni, soma namba, linganisha na za mpimaji. Kagua bikoni ZOTE. Ukisahau kurudisha UCS kwenye W, ID itakusomea namba za UCS uliyomo, utashtuka bure. Kwa sisi wa Tanga mjini, kwenye Arc 1960 kanda ya 37 Kusini (mfumo wa koordineti wa wapimaji, kwa mita), namba ya mashariki iko laki tano na kitu, ya kaskazini ni milioni tisa na laki nne na kitu. Ukiona namba ndogo kama 12 na 30, bado uko kwenye UCS yako.

6. Swichi hii inahifadhiwa ndani ya faili. Kama kila mchoro mpya unakuja nayo, fungua templeti yako (faili unaloanzia michoro mipya), weka 0, hifadhi.

MASWALI

Kijana_Chumbageni: mkuu yangu inageuka nifanyeje

Jibu: Soma hatua ya 2.

Kijana_Chumbageni: nimefanya bado

Jibu: Uliandika 0 au uliangalia tu? Skrini umeigawa? Hatua ya 3.

Kijana_Chumbageni: aah, ina madirisha mawili. Imekubali.

Fundi_Barabara_ya_12: Somo refu kwa kitu kidogo. ROTATE unarudisha kwa UNDO, yameisha.

Jibu: UNDO inasaidia kabla hujafunga faili. Mimi niligundua baada ya wiki mbili, mtaro ukiwa wazi. Sijaandika haya kujaza ukurasa.

Binti_Pangani: Shikamoo mwalimu. Kama inasumbua hivi, kwa nini waliiweka?

Jibu: Marahaba binti, umeuliza jambo la maana. Anayechora kwa 3D, mathalani paa lenye miteremko minne, huihamisha UCS kwenye kila mteremko. Swichi ikiwa 1, kila akihamia mteremko mpya anautazama moja kwa moja kutoka juu yake, bila kuandika PLAN kila mara. Huyo inamfaa sana. Sisi wa ramani za chini tunaiweka 0, tukitaka kugeuza tunaandika PLAN wenyewe.

Na kama unachotaka ni kuchora sambamba na ukingo wa kiwanja tu, jaribu SNAPANG, swichi ya pembe ya kuchorea. Andika SNAPANG, Enter, andika pembe ya ukingo. Msalaba wa mausi utalala kufuata ukingo, ukibonyeza F8 mistari itafuata pembe hiyo, na UCS haiguswi kabisa. Ukimaliza irudishe 0.

Binti_Pangani: Nimejaribu, ni nzuri mno! Swali lingine: nikibofya gurudumu la mausi mara mbili, kiwanja kinakuwa nukta.

Jibu: Kubofya gurudumu mara mbili ni amri ya kuonyesha kila kilichomo kwenye mchoro. Kuna kitu umekisahau kwenye 0,0 (mwanzo wa koordineti), pengine kipande cha mstari. Kwa namba nilizotaja hapo juu, kiwanja chako kiko zaidi ya kilomita 9,000 kutoka 0,0, ndiyo maana kinakuwa nukta. Kifute kile kipande. Ukitaka kurudi ulipokuwa: ZOOM, Enter, P, Enter.

Mzee_wa_Saiti: Yangu inalala kama 3D, na UCSFOLLOW ni 0.

Jibu: Mzee wangu, hapo umeshika Shift huku umekandamiza gurudumu, au umegusa kile kiboksi cha kona ya juu kulia. PLAN na W vitakurudisha. Kiboksi kikikusumbua, andika NAVVCUBEDISPLAY, weka 0, kitaondoka.

Mzee_wa_Saiti: Ahsante. Na skeli kwenye karatasi, kila nikizoom inabadilika, nimeshaprinti mbili mbovu.

Jibu: Pole. Umezoom ukiwa ndani ya dirisha la leiauti (ukurasa wa kuchapishia). Toka nje yake, bofya ukingo wake, weka skeli yako, 1:100 au uitakayo, kisha bofya alama ya kufuli chini ya skrini. Likishafungwa, zoom utakavyo, skeli haitatikisika.

Binti_Pangani: Nimekagua bikoni zote nne. Tatu ziko sawa, moja imepita kwa sentimita 8.

Jibu: Usichore chochote kwanza. Mpigie mpimaji leo, msomee namba hiyo moja kwa moja kutoka kwenye ID.