Retinoli kwenye jua la Tabora: anza na choroko moja

Mwaka jana mwezi wa tisa mteja wangu mmoja aliingia saluni kajitanda kanga mpaka machoni. Alipoifungua, mashavu yamebabuka, na pale ngozi ilipokwisha kuchubuka pameacha mabaka meusi. Akatoa kichupa mkobani: retinoli ya asilimia 1. Ameipaka kila usiku kwa wiki mbili kwa sababu harusi ya mdogo wake ilikuwa imekaribia, na kila asubuhi anatandika nguo zake mnadani, anashinda juani mpaka alasiri. Krimu ya kukinga jua? "Hiyo si ya wazungu, dada?"

Kichupa hakikuwa kibovu. Tatizo lilikuwa dozi, haraka, na jua.

Retinoli ni jamii ya vitamini A. Ikiingia kwenye ngozi inageuzwa hatua kwa hatua mpaka kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo ndiyo inayoziamsha chembe za ngozi zijibadilishe upesi. Chunusi hupungua, makovu meusi hufifia, mikunjo midogo hulainika. Ila wiki za mwanzo ngozi inakauka, inajichuna, na jua linaiumiza kwa urahisi zaidi. Kwa sisi weusi kuna nyongeza: kila ngozi inapoungua au kuwashwa huacha baka. Ukiipaka vibaya unavuna madoa yaleyale uliyotaka kuyaondoa.

Na jua la hapa si la mchezo. Tabora ipo nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa. Kivuli chako unakikanyaga. Tena kwa kuwa tuko magharibi, utosi wenyewe ni kati ya saa sita na nusu na saa saba, si saa sita kamili. Anayerudi juani saa saba akidhani makali yamepita anajidanganya.

Hatua ya 1: Je, inakuhusu?

Una mimba, unatafuta mtoto au unanyonyesha? Iache. Dawa za kumeza za jamii hii zinajulikana kudhuru mtoto tumboni, na hata ya kupaka madaktari wanashauri iachwe.

Unatumia mkorogo? Iache pia, na hapa naomba tuwe wakweli. Krimu nyingi za kung'arisha zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi, na ngozi iliyozoea steroidi imekuwa nyembamba. Kuiongezea retinoli ni kumwaga pilipili kwenye kidonda. Usiuache mkorogo wa miaka ghafla kwa siri halafu uso ukilipuka uurudie. Nenda hospitali ya Kitete au kwa daktari yeyote wa ngozi akusimamie.

Hatua ya 2: Kununua

Anza na asilimia 0.1 hadi 0.3. Ulaya wameweka ukomo wa 0.3 kwa vipodozi vya usoni, kwa hiyo asikudanganye muuzaji kwamba hiyo ni "ya watoto". Tretinoini ni kitu kingine, ni dawa ya daktari, msiazimane.

Mwanga, hewa na joto vinaiua retinoli. Chagua tyubu au chupa isiyopitisha mwanga, na usinunue iliyoanikwa juani kwenye meza ya barabarani hata ikiwa nusu bei. Nyumbani pia, kama unalala chini ya bati, usiiweke dirishani wala juu ya kabati. Droo ya chini, au karibu na mtungi wa maji. Ikibadilika rangi kuwa kahawia au ikanuka tofauti, tupa.

Hatua ya 3: Wiki mbili za kujikinga jua tu

Hatua hii wateja wangu huichukia, lakini siwauzii retinoli kabla hawajaipita. Wiki mbili unapaka krimu ya jua kila asubuhi, basi. Ukishindwa hilo, retinoli haikufai msimu huu.

Tafuta yenye SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi, inayokinga miale ya jua ya aina zote mbili, UVA na UVB. SPF 30 ikipakwa ya kutosha huzuia takriban asilimia 97 ya UVB. Neno ni hilo, *ya kutosha*. Kamua mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine cha kati, kuanzia shina mpaka ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Wengi wanapaka robo yake. Usisahau masikio na kisogo, hasa wenye nywele fupi.

Kama inakuacha mweupe kama umetoka kusaga unga, tafuta yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza mabaka kwa ngozi nyeusi. Ipake dakika 15 kabla ya kutoka, na ukiwa nje rudia kila baada ya saa mbili. Abiria na madereva wa bodaboda, helmeti inaifuta pale paji la uso linapogusa. Mkifika pakeni tena. Kofia pana, mwavuli na kanga havijapitwa na wakati.

Hatua ya 4: Jaribu pembeni

Usiku tatu, paka kidogo chini ya taya karibu na sikio. Ukivimba au ukitoka malengelenge, mwisho wa safari.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Nawa kwa sabuni laini ya uso, si ya kufulia wala ya magadi. Jipanguse kwa kugusagusa, usisugue. Subiri uso ukauke kabisa, dakika 20 hivi. Kwenye ngozi mbichi retinoli inazama haraka na kuchoma zaidi.

Chukua mafuta ya mgando kidogo, pitisha pembe za macho, kando ya pua na pembe za mdomo. Hapo ndipo panapochanika kwanza. Paka losheni ya uso nyepesi. Kisha kamua retinoli ukubwa wa choroko moja. Igawe nukta tano: paji, mashavu mawili, pua, kidevu. Sambaza. Malizia na losheni tena juu yake. Tunaiweka katikati ya losheni mbili kama nyama ndani ya chapati, na kwa anayeanza kiangazi sishauri vinginevyo.

Ukiona choroko haitoshi, tatizo ni macho yako. Inatosha.

Hatua ya 6: Ratiba

Wiki nne za kwanza, usiku mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Kama ngozi imetulia, usiku tatu. Baki hapo hapo kiangazi chote.

Kiangazi chetu kina sura mbili. Juni na Julai kuna baridi na upepo mkavu. Midomo inapasuka hata bila retinoli, kwa hiyo ongeza losheni. Septemba na Oktoba ni joto na jua kali. Hapo usiongeze asilimia wala idadi ya usiku hata kwa kubembelezwa. Mambo ya kupanda daraja yasubiri mvua za Novemba. Matokeo yanahitaji wiki 8 hadi 12, kwa hiyo anayeanza wiki tatu kabla ya harusi atahudhuria akiwa anajichuna.

Ikiwasha

Kujichuna kidogo ni kawaida. Kuungua, wekundu unaokataa kuondoka au kuvimba si kawaida. Simamisha, baki na sabuni laini, losheni na krimu ya jua mpaka ngozi itulie, kisha rudi na usiku mmoja kwa wiki. Usijitibu kwa ndimu! Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi yenyewe, bila msaada wa retinoli. Skrabu na asidi za kuchubua nazo zipumzike usiku wa retinoli.

Wanaotoa nywele kwa nta

Acha retinoli wiki moja kabla ya kutoa nyusi au nywele za juu ya mdomo. Nta inanasa ile ngozi laini na kuondoka nayo, na hapo juu ya mdomo baka linakaa miezi. Mwambie anayekuhudumia kabla hajachovya kijiti. Mimi siku hizi nauliza kila mteja, tangu siku nilipomchuna mmoja kwa kutouliza.