Maandalizi ya Siku ya Harusi kwa Maharusi: Kupanga Saa kwa Kurudi Nyuma

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kusimamia harusi nyingi, na unahusu siku yenyewe tu, tangu maharusi wanapoamka hadi ndoa inapofungwa.

Hatua ya 1: Chagueni msimamizi, yaani mtu mmoja wa kuulizwa kila jambo. Awe mtulivu, anayezijua familia zote mbili, na asiwe na kazi nyingine siku hiyo. Mkabidhini simu zenu asubuhi, pamoja na malipo yaliyobaki katika bahasha zenye majina ya wahusika.

Hatua ya 2: Andikeni ratiba kuanzia mwisho. Hapa ndipo siku nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Watu wengi huanza na saa ya kuamka kisha wakatumaini kwamba muda utatosha. Anzeni na saa ya kufunga ndoa, mrudi nyuma.

Tuseme ndoa ni saa 9 alasiri. Bibi harusi awe amefika saa 8:30. Kama safari ni ya dakika 40, ihesabuni kuwa ya saa nzima, na muda huo muupime kwa kupita njia hiyohiyo, siku kama hiyo ya wiki na saa hiyohiyo, kwa sababu barabara ya Jumapili asubuhi haikwambii lolote kuhusu Jumamosi mchana. Basi gari liondoke saa 7:30. Kutoka chumbani hadi kuketi garini na shela limekunjwa vizuri ni dakika 15, kuvaa ni dakika 45, na kabla ya kuvaa iwepo nusu saa isiyo na kazi yoyote. Kwa hesabu hiyo, vipodozi na nywele viwe vimekamilika saa 6 mchana. Ikiwa mpambaji ni mmoja, wa kupambwa ni wanne, na kila mmoja anachukua saa moja, kazi lazima ianze saa 2 asubuhi.

Sasa angalieni zamu. Bibi harusi asiwe wa mwisho. Najua wengi humweka mwisho ili vipodozi vibaki vipya, nami nilifanya hivyo hadi siku ambayo kila aliyemtangulia alizidisha dakika 15, naye akaketi kwenye kiti cha mpambaji saa 5:45 badala ya saa 5. Tulipofika kwenye gauni tukakuta mgongoni vifungo vidogo vya vitanzi vinavyokaribia 40, na mpambe aliyepaswa kuvifunga alikuwa na kucha ndefu za bandia. Aliyetuokoa ni shangazi yake, kwa sindano ya kufumia yenye ncha iliyopinda: aliipitisha ndani ya kitanzi, akanasa kifungo, akakivuta mara moja. Hata hivyo tulichelewa kwa saa nzima, na bibi harusi aliingia akiwa na macho mekundu. Tangu hapo namweka wa tatu kati ya wanne, kwa kuwa ndoa inaweza kuanza mpambe mmoja akiwa bado njiani, lakini haiwezi kuanza bila bibi harusi. Sindano hiyo sasa haitoki mkobani mwangu.

Bwana harusi naye awe na ratiba yake iliyoandikwa. Picha za familia ziingizwe kwa majina, dakika 3 kwa kila kundi. Makundi 10 ni nusu saa.

Hatua ya 3: Jaribuni mavazi kwa vitendo. Vaeni kila kitu, kisha mketi, mpande ngazi, mwingie garini na mwende msalani. Viatu vipya vivaliwe nyumbani jioni kadhaa, na soli laini zikwaruzwe kwa msasa ili zisiteleze. Asubuhi, anayepambwa avae nguo ya kufunguka mbele, isije ikapita kichwani.

Hatua ya 4: Pete na nyaraka. Vidole huvimba wakati wa joto, kwa hiyo pete ijaribiwe mchana wa jua na si asubuhi ya baridi pekee. Ikikwama kwenye kiungo, izungusheni taratibu mkiisukuma, msilazimishe. Mtoto akibeba mto wa pete, zile halisi zibaki katika mfuko wa msimamizi unaofungwa kwa kifungo. Vitambulisho na vyeti viwekwe katika bahasha moja usiku wa kuamkia harusi. Viapo, kama mtavisoma, viandikwe kwenye karatasi ngumu. Simu huzima kioo katikati ya sentensi.

Hatua ya 5: Mkoba wa dharura. Sindano na uzi wa rangi ya nguo, pini, plasta, dawa ya maumivu mliyoizoea, leso, maji.

Hatua ya 6: Kuleni. Chakula kiwe kwenye ratiba, kabla ya vipodozi vya midomo, na msimamizi asiondoke chumbani mpaka aone sahani zote mbili zimekwisha.