Kuongeza tangi la pili la dizeli kwenye Land Cruiser ya 1HZ

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ (silinda sita, sisi 4,164, haina tabo) hunywa takriban lita 12 hadi 14 kwa kilomita 100 ikiwa barabara ni nzuri. Ikiingia kwenye mchanga au ikikaa sana kwenye gia nzito, weka hesabu ya lita 18 au zaidi. Kwa gari linalofanya kazi Katavi au kandokando ya Ziwa Turkana, tangi la pili chini ya bodi ni bora kuliko madumu juu ya keria: uzito unakaa chini, na hakuna dumu la kuvuja au kupasuka njiani.

Kuna mafundi watakaokushauri kulikata tangi la kiwandani na kulirefusha. Kataa. Tangi lililowahi kubeba mafuta huwa na mabaki kwenye mikunjo na maungio. Moto wa kuchomelea ukifika, mabaki hayo hugeuka mvuke, mvuke unachanganyika na hewa, na tangi linalipuka usoni mwa fundi. Kuliosha kwa maji na sabuni hakutoshi, na dizeli nayo haisalimishi mtu hapo kwa sababu chuma cha moto kinaipasha kupita kiwango chake cha kuwaka. Tengeneza tangi jipya, la zamani liache lilivyo. Kwa gari la petroli nunua tangi lililotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gari hilo. Maelezo haya ni ya dizeli tu.

Anza na nafasi. Lala chini ya gari na upime huku mtu akilipakia mizigo, kwa sababu difu na propela shafti hupanda springi zinapobonyea. Acha angalau sentimita 10 kutoka kwenye ekzosi. Zikikosekana, weka ngao ya bati katikati. Tuseme umepata nafasi ya urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 25. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 100. Usijaze zote. Dizeli hutanuka, na lita 100 zilizotoka kwenye pipa la chini ya ardhi zikipanda nyuzi 20 kwa joto la mchana huongezeka karibu lita 1.7. Mdomo wa kujazia ukae mahali ambapo tangi litaishia lita 95.

Lita 95 za dizeli zina uzito wa kilo 80 hivi. Tangi lenyewe, kwa shiti ya chuma ya milimita 2, linafika kilo 27 pamoja na kuta za ndani. Jumla ni kilo 107, na hizo unazitoa kwenye mzigo unaoruhusiwa wa gari. Tangi likikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, hunyanyua pua ya gari na usukani unakuwa mwepesi, kwa hiyo kama una hiari, lisogeze mbele ya ekseli.

Shiti iwe ya chuma cheusi cha milimita 2, au alumini ya milimita 3 kama fundi wako anaimudu. Usitumie kabisa bati au bomba la gavanaizi: zinki huungana na asidi zilizomo kwenye dizeli na kutengeneza uchafu kama sabuni unaoziba filta na nozeli. Bomba za shaba nazo huharakisha kuchakaa kwa dizeli. Kunja shiti badala ya kuunga kila kona, maana kila mshono ni mahali pa kuvuja. Chomelea kwa MIG au TIG (mashine za kuchomelea kwa umeme na gesi ya kinga). Fimbo za kawaida za kuchomelea kwenye shiti nyembamba kiasi hiki huacha vitundu usivyoviona.

Ndani weka kuta mbili za kukingama, zigawe urefu katika vyumba vitatu. Kata pembe zake za juu na za chini sentimita 3 ili hewa na mafuta vipite. Bila kuta hizo, kilo 80 za mafuta hukimbilia mbele kila unapokanyaga breki, na mwisho wake mishono hupasuka. Kwenye sakafu ya tangi chomelea kisima kidogo cha sentimita 15 kwa 15, kina 4, chenye plagi ya kumwagia maji na uchafu. Bomba la kunyonya lishuke ndani ya kisima, liishie sentimita 2 juu ya sakafu yake. Ukilikatia sentimita 2 juu ya sakafu ya kawaida, lita 8 hazitatoka kamwe.

Kupima uvujaji kusifanywe kwa kompresa. Baa 1 tu ya hewa inasukuma ubavu wa sentimita 100 kwa 40 kwa nguvu ya karibu tani 4. Jaza maji, simamisha mpira wa wazi wenye kimo cha mita 1 juu ya tangi, ujaze maji pia. Hiyo ni baa 0.1, inatosha. Liache usiku kucha. Likibaki kavu kwa nje, mwaga maji, likauke kabisa, kisha lisuuze kwa lita 2 za dizeli na uzitupe. Rangi ni ya nje tu.

Hewa ndiyo inayosahaulika sana. Tangi lisilopumua hubonyea pampu inaponyonya, kisha pampu hushindwa na watu huanza kubadilisha filta bure. Bomba la kujazia liwe la milimita 50, na kando yake bomba la hewa la milimita 16, la sivyo mafuta yatarudi na kumwagikia mhudumu wa kituo. Bomba la tatu, la milimita 8, ni la kupumulia wakati wote. Lipandishe hadi nyuma ya kabini, juu kuliko maji ya mto utakaovuka, ulimalizie kwa kifilta kidogo na vali inayofunga gari likipinduka.

Sasa muunganisho. Pampu ya nozeli ya 1HZ hurudisha tangini mafuta yasiyotumika. Ukivuta kutoka tangi la pili huku marejesho yakienda la kwanza, la kwanza litafurika likiwa limejaa. Dawa moja ni vali ya njia sita inayobadilisha mvuto na marejesho kwa pamoja. Iliyo rahisi zaidi ni kutoigusa injini: pampu ndogo ya volti 12 ihamishe mafuta hadi tangi kuu kupitia kiungo cha T kwenye mpira wa kujazia. Weka chujio kabla ya pampu, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa, taa ya kukukumbusha, na koki ya kufunga ili mafuta yasitiririke yenyewe pampu ikiwa imezimwa. Mipira iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya mafuta. Wa maji hulainika ndani ya miezi.

Usichomelee mikono ya tangi kwenye chesisi. Tumia mikanda ya chuma yenye mpira wa milimita 5 chini yake, bolti za M10 za daraja 8.8 na nati za kujifunga. Chesisi hujikunja njia inapokuwa mbovu, na tangi lililobanwa bila mpira hupasuka kwenye pembe. Unganisha waya kutoka tangini hadi chesisi kuondoa umeme tuli. Chini weka bamba la kinga la milimita 4, hasa chini ya kisima.

Waarifu bima kwa maandishi, na usingoje ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya) au wa polisi wa usalama barabarani ndipo uanze kueleza.

Hamisha mafuta geji ya tangi kuu ikifika nusu, si kabla. Pampu ya lita 100 kwa saa huchukua kama dakika 35 kuhamisha lita 60. Izime mlio ukibadilika, maana pampu za mapanga huungua zikizunguka kavu. Baada ya kilomita 500 za kwanza kaza bolti zote tena, na ufungue plagi ya kisima uone kilichoshuka.